Kurudisha tredi za stadi za silinda hedi zilizochomoka kwenye pikipiki ya zamani

Tredi, yaani meno ya boliti na ya shimo lake, ikichomoka haipigi kelele. Unakaza nati ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda), spana inazidi kuwa nzito kama kawaida, halafu ghafla inakuwa laini mkononi kana kwamba unakaza kwenye sabuni. Ukiendelea kuzungusha, stadi nzima inapanda taratibu pamoja na nati. Ukiichomoa, utaikuta imevikwa kitu kama springi ya alumini upande wa chini. Hiyo springi ndiyo tredi ya krenkesi, yaani tumbo la injini, imetoka yote kwa pamoja.

Stadi tunayoizungumzia ni ile boliti isiyo na kichwa, yenye tredi ncha zote mbili: ya chini imezama kwenye krenkesi, ya juu inashika nati juu ya hedi. Krenkesi ya namna hii haijafa. Inatengenezeka, na ikitengenezwa vizuri sehemu hiyo huwa imara kuliko ilivyotoka kiwandani. Kazi huharibika kwa makosa mawili: kuchanganya aina za tredi, na kutoboa shimo likaenda upande. Mengine yote ni uvumilivu tu.

Kwa nini alumini imeshindwa

Usimlaumu haraka aliyekaza mara ya mwisho. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua bloku (silinda yenyewe) na hedi za alumini zenye kimo cha milimita 100 kwa pamoja. Joto likipanda kwa nyuzi 100 za Selsiasi, alumini inarefuka takriban milimita 0.23, lakini stadi ya chuma inarefuka 0.12 tu. Ile tofauti ya milimita 0.11 lazima stadi ivutwe ili iifidie, na kwa stadi ya M8 (kipenyo cha milimita 8) huo ni mvutano wa ziada wa mamia ya kilo unaoning'inia kwenye tredi za alumini kila injini inapopata moto. Nati iliyokazwa kupita kiasi asubuhi injini ikiwa baridi inaweza kumalizwa na joto barabarani. Bloku ikiwa ya chuma cha kusubu na hedi ndiyo ya alumini, tatizo hupungua lakini haliishi.

Sababu nyingine huonekana ukichunguza stadi yenyewe. Unga mweupe kwenye tredi maana yake unyevu umeingia na alumini imeliwa na kutu yake. Tredi zilizong'aa kwa chini milimita chache tu maana yake stadi haikuzamishwa vya kutosha. Chuma ndani ya alumini kinahitaji kuzama angalau mara moja na nusu ya kipenyo chake, yaani milimita 12 kwa M8, na mara mbili ni bora zaidi. Halafu kuna kosa la oili: kipimo cha torki (nguvu ya kukazia) kilichoandikwa kwa tredi kavu ukikitumia kwenye tredi zilizopakwa oili, spana inasoma namba ileile ila stadi inavutwa zaidi.

Tambua tredi kabla ya kushika drili

Pikipiki za Kijapani na za Ujerumani hazisumbui sana. Stadi za hedi mara nyingi huwa M6, M8 au M10. M6 huwa na hatua ya milimita 1.0 kati ya tredi na tredi, M8 huwa 1.25. Ni M10 inayohitaji kupimwa, kwa sababu kuna ya 1.5 na ya 1.25.

Mitego iko kwenye za Uingereza. Stadi ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, kwa hiyo kwenye venia (kifaa cha kupimia kipenyo na kina) iliyochakaa inasomeka kama M8. Kuna mifumo mitatu ya tredi ya Kiingereza: ikiwa ni BSW ina tredi 18 kwa inchi, BSF ina 22, na ile ya CEI, maarufu kwenye pikipiki, ina 26. Kibaya zaidi, 5/16 UNC, ya mfumo mwingine wa inchi, nayo ina tredi 18 kwa inchi sawasawa na BSW, ila pembe ya jino ni nyuzi 60 badala ya 55. Inaingia, inakaa, inakubali kukazwa, halafu inashika kwa ncha za meno tu. Triumph na BSA walihamia tredi za UNC na UNF kwa awamu kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, kwa hiyo injini moja ya kipindi hicho inaweza kuwa na aina mbili au tatu. Tumia geji ya tredi, siyo macho.

Pima ncha ya chini ya stadi, siyo ya juu. Mara nyingi hazifanani: ya chini ina jino nene kwa sababu alumini ni laini, ya juu ina jino jembamba kwa ajili ya nati. Aliyenunua vifaa kwa kupima upande wa nati amepoteza hela.

Kutoa stadi bila kuongeza hasara

Stadi iliyochomoka hutoka yenyewe. Kazi iko kwa wenzake ambao bado wameshika, na tunapendekeza watolewe wote, maana wamevutwa kwa miaka ileile na joto lilelile. Funga nati mbili juu ya stadi, zikaze moja dhidi ya nyingine, halafu zungusha kwa spana kwenye nati ya chini. Isipokubali, pasha moto krenkesi kuzunguka shimo kwa mashine ya hewa moto hadi tone la maji liruke na kukauka papo hapo, kati ya nyuzi 100 na 120. Tochi ya gesi inaweza kutumika kwa mkono mwepesi, lakini sili za mpira zilizo karibu ziondoe kwanza. Ukihisi stadi inajipinda kama mpira badala ya kuzunguka, simama, pasha tena. Ikikatika ndani umeongeza kazi mara tatu.

Ikikatika, piga alama katikati kabisa kwa senta panchi na toboa kwa biti nyembamba ukipanua polepole. Krenkesi ikiwa tupu kabisa, bila kipande kingine chochote cha chuma ndani yake, kuna njia ya pole: maji ya moto yaliyokolezwa shabu, yale mawe meupe ya kutulizia maji. Yanakula chuma na kuiacha alumini. Inachukua saa nyingi, wakati mwingine siku, lakini hata tapu (kifaa cha kukatia tredi shimoni) iliyovunjikia shimoni hutoka hivyo.

Stadi ukiziweka upya zikague. Nati mpya inapaswa kuteremka kwa vidole hadi mwisho wa tredi. Ikikwama katikati, tredi zimevutika. Stadi iliyozidi urefu wenzake wa aina moja, au yenye kiuno chembamba kisicho cha kiwandani, itupe.

Chagua njia

Ingiza mkia wa venia kwenye shimo. Mara chache unakuta tredi nzima zimebaki chini ya pale stadi ya zamani ilipofika. Hapo stadi ndefu zaidi iliyochongwa na fundi wa lethi inamaliza kazi bila kutoboa chochote. Stadi ya ngazi, yaani M10 chini na M8 juu, nayo ni safi, lakini ikichomoka siku nyingine umebaki na nyama kidogo.

Njia ya kawaida ni koili ya waya wa chuma kisichoshika kutu, ile ya aina ya Helicoil: unapanua shimo, unakata tredi kubwa zaidi kwa tapu yake maalumu, kisha unazamisha koili ambayo ndani ina tredi ya kipimo cha zamani. Kwa M6 na M8 nyingi inatosha kabisa. Bushi nzima ya chuma, kama Time-Sert, tunaichagua shimo likiwa limepanuka au kuwa la yai, au stadi ikiwa itatolewa mara kwa mara. Bushi inahitaji ukuta mnene zaidi wa alumini kuzunguka shimo, kwa hiyo pima umbali hadi ukingo na hadi njia za oili kabla ya kuagiza.

Kujaza kwa kulehemu na kukata tredi upya ni ya mwisho kabisa. Alumini ya zamani imenyonya oili kwenye vitundu vyake, weldi inatoka na mapovu, na joto linapinda uso wa krenkesi. Gundi ya epoksi haipo kwenye orodha hii.

Kinga tumbo la injini

Krenkesi iliyofunguliwa yote ndiyo nzuri. Kama unafanyia kazi injini ikiwa haijafunguliwa chini, jaza mdomo wa krenkesi kuzunguka konrodi (mkono wa pistoni) kwa matambara safi yasiyotoa nyuzi, yahesabu, na juu yake funika kwa plastiki na utepe. Chenga za alumini hazivutwi na sumaku, kwa hiyo usitegemee kuzitoa baadaye. Zinyonye kwa mashine ya kufagilia; hewa ya kompresa inazisukuma kwenye beringi.

Angalia pia kama shimo limetoboka hadi ndani, au kama ni njia ya oili kwenda kwenye hedi. Kwenye injini nyingi za zamani stadi moja au mbili huzungukwa na oili inayopanda, na utaitambua kwa washa ya shaba au nati ya kofia juu yake. Hapo koili haitakiwi kuziba tundu la pembeni.

Kunyoosha shimo

Hapa ndipo kazi inapofia au kupona. Stadi ikielemea nyuzi moja tu, kwenye kimo cha milimita 100 ncha yake ya juu imehama milimita 1.75. Tundu la bloku halina nafasi hiyo. Utalazimika kuisukuma stadi ili bloku ipite, na kuanzia hapo inavuta kwa upande na kuchosha tredi zako mpya.

Kama una drili ya meza au mashine ya milingi, laza krenkesi uso wa bloku ukiwa sawa na meza. Kama huna, usitoboe kwa jicho. Tafuta bamba la chuma lenye unene wa milimita 25 au zaidi, nyuso zake mbili ziwe sambamba. Mwambie fundi wa lethi atoboe tundu la milimita 14 lililosimama wima, na akuchongee vipande vitatu vinavyoingia humo bila kucheza: bushi ya kuongoza biti, bushi ya kuongoza tapu, na pini ya ngazi yenye milimita 14 upande mmoja na kipenyo kinachoingia kwa kubana kwenye shimo lililoharibika upande wa pili. Toboa pia matundu mapana ya kupitisha stadi za jirani, ambazo utazirudisha kwa muda. Weka bamba juu ya krenkesi, pini ikiwa imezama shimoni, kaza nati za jirani kwa wastani tu, kisha chomoa pini. Bamba limekaa katikati ya shimo la zamani na limesimama wima bila wewe kubahatisha.

Kabla ya hapo, pitisha tupa bapa au msasa uliobandikwa kwenye kioo juu ya uso wa krenkesi. Tredi iliyochomoka hunyanyua kilima kidogo kuzunguka shimo, na bamba litaegemea juu ya kilima hicho. Bloku nayo ingeegemea hapohapo, na gasketi ya chini ingevuja milele.

Vipimo vya biti kwa koili: M6 × 1.0 ni milimita 6.3, M8 × 1.25 ni 8.3 au 8.4; M10 × 1.5 ni 10.4 au 10.5. Seti yako ikisema tofauti, fuata seti. Kwa tredi za inchi fuata karatasi iliyokuja nayo.

Shimo la M8 lililopoteza tredi limeshakaribia milimita 8, kwa hiyo biti ya 8.3 inakula utando mwembamba tu. Biti katika hali hiyo hupenda kujivuta ndani kama skrubu. Zungusha polepole, au geuza kwa mkono kabisa, na vika biti pete ya kuizuia isipite kina unachotaka. Lainisha kwa mafuta ya taa; alumini inayapenda na chenga hazigandi kwenye meno.

Shimo likiwa limezibwa chini, kina kiwe urefu wa koili pamoja na nafasi ya ncha ya tapu. Kwa M8 tumia koili ya milimita 16. Kina kikigoma, ya milimita 12 inakubalika. Fupi zaidi ya hapo usiweke. Kama kiwandani waliacha shimo pana milimita chache za juu kabla tredi kuanza, liache hivyo hivyo: linazuia uso usinyanyuke tena. Kama halikuwapo, kata mshazari mdogo mdomoni.

Kukata tredi

Tapu ya koili siyo tapu ya kawaida. Ile ya M8 inakata tredi yenye kipenyo cha nje cha karibu milimita 9.6, kwa hatua ileile ya 1.25. Paka grisi kwenye mifereji yake ili ikamate chenga, ipitishe kwenye bushi ya kuongoza, na anza bila haraka. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, utasikia chenga ikikatika. Kila mizunguko mitatu au minne itoe yote, ifute, paka grisi upya. Kwenye shimo lililozibwa maliza kwa tapu ya ncha bapa. Ukihisi tapu imegusa chini acha hapohapo, maana ukilazimisha ndivyo tapu zinavyovunjika.

Safisha tredi kwa kiyeyusho cha breki na kitambaa kilichosokotwa, kavu kabisa.

Kuzamisha koili

Weka koili kwenye kifaa chake, ulimi (kipande cha waya kinachokatiza kwenye ncha ya koili) ukiwa upande wa chini. Zungusha kisaa bila kusukuma. Koili hujivuta yenyewe. Ukiisukuma inaruka jino moja na kukaa mshazari. Ukiona hivyo itoe: kwangua pete ya juu kwa ncha kali, ishike, izungushe kinyume, weka nyingine mpya. Usiitoboe kwa drili.

Simama pete ya juu ikiwa robo hadi nusu mzunguko chini ya mwanzo wa tredi. Kisha ulimi uondoke. Kwenye shimo lililozibwa, uvunje kwa kigongo cha ncha bapa na pigo moja la nyundo, halafu uutoe kwa kibano. Kwenye shimo lililotobokea ndani ya krenkesi usipige kabla ya kuweka kitambaa chenye grisi chini yake, au nunua koili zisizo na ulimi. Hesabu ndimi ulizovunja. Ukikosa mmoja, usifunge injini.

Bushi nzima huwekwa kwa mlolongo uleule wa kutoboa, kupanua mdomo, tapu, kisha bushi. Tofauti ni kwamba kifaa chake cha mwisho kinatanua tredi za chini ili zijifunge kwenye alumini. Kitie oili, na tarajia kiwe kizito mwishoni. Huo uzito ndio dalili kwamba bushi imeshika.

Stadi na jaribio

Hakikisha shimo lililozibwa halina oili wala kiyeyusho chini. Kimiminika hakibonyezeki, na stadi ikizama juu yake inaweza kupasua krenkesi. Paka gundi ya tredi ya nguvu ya kati kwenye ncha ya chini, zungusha stadi kwa mkono hadi kimo kilingane na wenzake ndani ya nusu milimita. Stadi haikazwi chini kama boliti. Shimo likiwa limetobokea ndani, gundi hiyo pia inazuia oili isipande kwenye tredi. Iache saa 24.

Kabla ya kurudisha pistoni na bloku, jaribu. Kata bomba nene la chuma lenye kimo cha bloku na hedi kwa pamoja, livike stadi, weka washa nene na nati, kaza kwa hatua tatu. Kitabu cha pikipiki kikisema 24 Nm (kizio cha torki), nenda 10, 18, kisha 24. Weka alama ya rangi kwenye nati na stadi, acha usiku kucha. Kesho yake weka spana ya torki kwa kipimo kilekile: inapaswa kugonga bila nati kusogea. Usizidishe ili kuona uimara. Utaivuta stadi mpya bure. Toa bomba, laza rula ya chuma juu ya uso, na pitisha fila geji (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya milimita 0.05 kuzunguka shimo. Ikipita chini ya rula, kilima kimeanza upya.

Bloku inapaswa kuteremka kwenye stadi zote kwa uzito wake, bila kugongwa. Kaza hedi kwa mpangilio wa msalaba na hatua tatu zilezile, tredi zikiwa kavu au na oili kama kitabu kinavyoagiza. Washa injini hadi ipate moto kamili, izime, iache ipoe kabisa, kisha kaza tena ikiwa baridi. Badilisha oili ya injini baada ya safari fupi ya kwanza. Angalia torki tena baada ya kilomita 300 hadi 500. Kwenye injini zinazosukuma vali kwa fimbo, pima nafasi ya vali kila baada ya kukaza, kwa sababu hedi ikishuka hata kidogo nafasi hiyo hupungua, na vali isiyofunga vizuri huungua.